Nimesoma kitabu chote, mbona nimepata sita?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia katika chuo kimoja hapa Iringa. Kwetu ni Makete. Kidato cha sita nilipata A ya Kiswahili, nikajua fasihi ndiyo itakayonibeba chuoni. Shuleni tulikuwa na madesa ya kila kitabu: dhamira, wahusika, migogoro, muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Ukiyakariri yote, umefaulu.

Huku mambo ni mengine. Mwezi uliopita mhadhiri alitugawia kipande kifupi alichokitunga mwenyewe, akasema tukichambue kwa nusu ukurasa. Ni hiki:

"Mama alifungua sanduku, akatoa shuka jeupe la wageni, akalitandika kitandani kwangu. Akavuta pembe zote nne. Akavuta tena. 'Basi lako la saa ngapi kesho?' Alikuwa amenipa mgongo. Nikamwambia saa kumi na mbili. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akanyamaza. Mama alivuta pembe ya dirishani, iliyokuwa imenyooka tangu mwanzo."

Mimi niliandika hivi: "Mwandishi ameonesha dhamira ya mapenzi ya mzazi, kwani mama anampenda sana mtoto wake. Pia ametumia lugha rahisi inayoeleweka. Kipande hiki kinatufundisha kwamba vijana tunapaswa kuwaheshimu wazazi wetu." Nikapata 6 kati ya 20. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: "Maneno yako wapi?" Sikuelewa. Maneno si ndiyo hayo niliyoandika?

Kwenye riwaya na tamthiliya ni vilevile. Nasoma kitabu chote, lakini kwenye semina wenzangu wakianza kuongea naona kama walisoma kitabu kingine. Kikundi chetu cha diskasheni tuko watano na tunagawana sura ili tumalize haraka, ila bado test zinatushinda.

Jambo la mwisho, naona aibu kidogo kulisema. Natamani kuwa mwandishi. Nina hadithi ya kurasa nne, nilipomwonesha mhadhiri alisema ni insha nzuri. Nina na mashairi pia, moja linaanza "Baridi ya Makambako, inanikumbusha kwetu nyumbani", nikaambiwa mizani (silabi) imezidi. Naomba uniambie hatua kwa hatua nifanyeje. Siogopi kazi, ila sijui kazi yenyewe ni ipi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Iringa

JIBU

Marahaba mwanangu, kamwene.

Umeuliza vizuri, na umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeleta kazi yenyewe. Kwa hiyo tuanzie hapo hapo, kwenye shuka.

Mhadhiri wako alipoandika "Maneno yako wapi?" alimaanisha maneno ya kipande. Katika sentensi zako tatu hakuna hata neno moja lililotoka kwenye maandishi aliyokupa, ukiacha "mama". Hakuna shuka, pembe, mgongo wala mbwa. Mtu akisoma jibu lako hawezi kujua ulikuwa unachambua kipande gani, maana jibu hilo lingefaa kwa hadithi mia moja zenye mama ndani yake. Hilo ndilo tatizo la madesa. Si kwamba yanadanganya. Yanakupa mwisho wa safari bila kukupitisha njiani, na chuoni maksi zimewekwa njiani.

Sasa tusome pamoja, polepole. Shuka hilo ni la nani? "La wageni." Linatoka sandukuni, mahali linapotunzwa, na leo linatandikwa "kitandani kwangu", kitanda cha mtoto wa nyumba. Tayari kuna jambo zito: mtoto hajaondoka bado, lakini mama ameshaanza kumtandikia kama mgeni. Maneno hayo mawili yamebeba nusu ya kipande, na msomaji mwenye haraka huyapita kama rangi ya shuka.

Halafu hesabu mara anazovuta pembe. Mara ya kwanza zote nne, hiyo ni kazi ya kawaida. "Akavuta tena", hapo unaanza kujiuliza. Mara ya tatu anavuta pembe moja, ile ya dirishani, "iliyokuwa imenyooka tangu mwanzo". Kazi imekwisha lakini mikono haijakubali. Na haya yote anayafanya "amenipa mgongo", kwa hiyo hatuoni uso wake. Msimulizi naye hauoni. Hakuna aliyesema huzuni, hakuna aliyelia, na bado huzuni imejaa chumbani.

Tazama na vitenzi, kwa sababu hapa Kiswahili kina utajiri ambao wanafunzi huuacha kwenye somo la sarufi wakadhani hauhusiani na fasihi. Kipande kinaanza na "alifungua", kisha kinakwenda kwa -ka-: akatoa, akalitandika, akavuta, akavuta. Hiyo -ka- hufunga tendo kwenye tendo lililotangulia, mambo yanatiririka. Baada ya mbwa kunyamaza, mwandishi angeweza kuandika "Mama akavuta". Akaandika "Mama alivuta". Mnyororo umekatika, na tendo la mwisho limesimama peke yake. Sikwambii kwamba kila -li- ina siri ndani yake. Peke yake haithibitishi kitu. Lakini imekaa pamoja na kimya cha mbwa, pamoja na mgongo, pamoja na pembe iliyokwisha kunyooka, na vyote vinaelekea upande mmoja. Ushahidi wa fasihi hujengwa hivyo, vitu vidogo vitatu au vinne vinavyosema jambo lilelile bila kupangiana.

Ukishaona hayo, ndipo unaruhusiwa kutaja dhamira. Na utaona kwamba "mapenzi ya mzazi" halitoshi tena, ni pana mno. Kipande kinahusu mzazi anayejizoeza kumpoteza mtoto usiku mmoja kabla. Hiyo ni hoja, maana mtu anaweza kuipinga. Hoja ambayo hakuna anayeweza kuipinga, kama "mama anampenda sana mtoto wake", haina haja ya kuandikiwa insha.

Kuhusu ile sentensi ya "lugha rahisi inayoeleweka", ifute kabisa kwenye maisha yako ya chuo. Haisemi chochote. Ukitaka kusema juu ya lugha, taja neno, taja kiambishi, taja urefu wa sentensi. "Akavuta tena" ni maneno mawili tu. Ufupi huo unafanya nini baada ya sentensi ya kwanza iliyo ndefu? Huo ndio mjadala wa lugha.

Mazoea hayohayo utayapeleka kwenye riwaya. Mwandishi akiandika "kizee kile kimekuja" badala ya "mzee yule amekuja", amekwisha kumhukumu mtu huyo kabla hajafungua mdomo, na amefanya hivyo kwa ngeli tu. Akiandika "Baba hurudi usiku", hiyo ni desturi ya nyumba nzima na watoto wameizoea. "Baba alirudi usiku" ni tukio la siku moja. Ukiwa na jicho la hivyo, kwenye semina hutaishiwa la kusema.

Umesema unasoma kitabu chote, na nakuamini. Ila kitabu cha fasihi hakisomwi mara moja. Chukua riwaya ya kurasa 160. Mara ya kwanza isome bila penseli, moja kwa moja, kama mtu anayetaka kujua itaishaje. Kwa mwendo wa kurasa 20 kwa saa ni saa nane, yaani jioni nne za saa mbili mbili. Usisimame kutafuta maneno kwenye kamusi isipokuwa neno limefunga kabisa mlango wa maana. Andika ukurasa wake na uendelee.

Mara ya pili ndiyo kazi. Hapa mwendo unashuka hadi kurasa 12 hivi kwa saa, saa moja kwa siku, wiki mbili unamaliza. Kaa na penseli ya HB na utumie alama tatu tu: mstari chini ya neno au kitu kinachorudi rudi, alama ya kuuliza panapokutatiza, na mstari wa kusimama pembeni pale mambo yanapogeuka. Wanafunzi wengi huchukua kalamu ya rangi wakapaka nusu ya ukurasa, na nusu ya ukurasa ikipakwa rangi hakuna kilichopakwa. Halafu kwenye karatasi tupu ya mwisho tengeneza faharasa yako: "mvua, uk. 12, 31, 88", "mlango uliofungwa, uk. 5, 47, 140". Siku ya kuandika insha, faharasa hiyo ni shamba lililokwisha kupaliliwa.

Kitabu kikiwa cha maktaba usikichore hata kwa penseli. Tumia daftari: ukurasa wa kushoto nakili maneno yenyewe pamoja na namba ya ukurasa, wa kulia andika unachokiona au unachojiuliza. Nakili maneno machache, kati ya matatu na kumi. Na namba ya ukurasa iandike palepale, kwa sababu kuitafuta usiku wa kuamkia tarehe ya kukusanya kazi ni mateso yasiyo na sababu. Kama vitabu vya chuo ni vile vya kuazima kwa saa mbili na vimeshikwa, nenda maktaba ya mkoa; Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba Iringa, na Mbeya pia kwa wenzako wa huko. Bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, likiingia, nunua kitabu kimoja tu kati ya vile vya semista, kile utakachokiandikia insha ndefu, ili hicho ukichore upendavyo.

Mara ya tatu husomi kitabu, unasoma kurasa ulizoziweka alama tu, kama saa mbili. Jumla ni saa 23 hivi kwa kitabu. Ukiwa na vitabu vitatu kwa semista ya wiki 15, ni chini ya saa tano kwa wiki. Inawezekana, ila haiwezekani ukianza wiki ya 12.

Hapo nigusie diskasheni yenu, maana inawaumiza bila ninyi kujua. Kugawana sura watu watano maana yake hakuna hata mmoja aliyesoma kitabu. Aliyesoma sura ya tatu hajui kwamba kisu kinachotajwa pale kilionekana sura ya kwanza kikimenya viazi. Gawaneni nyuzi badala ya sura. Wote mnasoma kitabu chote, lakini mmoja anafuatilia vitu vya mkononi na vya nyumbani, mmoja anafuatilia nani anaongea na nani ananyamazishwa, mmoja wakati na majira, mmoja majina na namna watu wanavyoitana, mmoja mahali. Kila mtu aje na kurasa tano, si na muhtasari. Kikao cha saa moja na nusu cha namna hiyo kinazidi wiki nzima ya kusomeana madesa kwenye kimbweta.

Na kwenye semina, kama unaogopa kusema, nenda na swali moja lenye ukurasa. "Ukurasa wa 42, kwa nini anamwita 'bwana yule' wakati ukurasa uliotangulia alimwita kwa jina?" Swali kama hilo halihitaji ushujaa, na mara nyingi ndilo linalofungua mjadala.

Makosa mawili nataka uyaache mapema. La kwanza ni kumchanganya mwandishi na watu aliowaumba. Mlevi kwenye riwaya akisema wanawake ni dhaifu, usiandike "mwandishi anasema wanawake ni dhaifu". Kuna mwandishi, kuna msimulizi, kuna mhusika; kwenye shairi kuna nafsi inayonena, ambayo si lazima iwe mshairi. Kila ukiandika "anasema", jiulize nani hasa. Wewe unayesoma na Historia una mtego wako wa pekee. Ebrahim Hussein alipotoa tamthiliya yake ya Kinjeketile mwaka 1969, alitahadharisha mwanzoni kabisa kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye mtu wa historia. Bado wanafunzi huitumia kama ushahidi wa yaliyotokea kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita hivyo vilifika hadi Ubena, jirani kabisa na kwenu, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Kwenye insha ya fasihi swali ni kwa nini mtunzi alimjenga hivyo. Lililotokea kweli ni swali la somo lako la pili, na lina vyanzo vyake.

La pili ni nadharia ya kubandika. Aya nzima inaeleza Umarx au Ufeministi, kisha insha inaendelea kana kwamba aya ile haikuwahi kuandikwa. Nadharia ichague baada ya kusoma mara ya pili, ukishaona kitabu kinakusumbua wapi, na uitumie kama swali: nani anamiliki shamba hili, nani analima, nani anauza? Kama haibadilishi unachokiona kwenye ukurasa, iache.

Insha yenyewe ya maneno 1,500 haihitaji hoja tisa. Utangulizi maneno 120 hadi 150, hoja nne za maneno kama 300 kila moja, hitimisho 100. Ndani ya kila hoja, sema jambo unalolidai, weka maneno ya kitabu na ukurasa, eleza maneno hayo yanafanya nini, kisha rudi kwenye swali uliloulizwa. Kipimo kizuri ni hiki: mstari mmoja wa nukuu, walau mistari mitatu ya maelezo yako. Wanafunzi hufanya kinyume, wananukuu mistari sita halafu wanaandika "hii inaonesha umaskini" na kuhamia hoja nyingine. Msomaji ameachwa peke yake na nukuu.

Na lisome swali. "Eleza" inataka uweke wazi. "Jadili" inataka upande wa pili uonekane, hata kama mwisho unaukataa. "Linganisha" haitaki kurasa tatu za kitabu cha kwanza zikifuatwa na tatu za cha pili. Inataka vitabu vyote viwili ndani ya kila hoja. Wengi wanapoteza maksi hapa huku wanakijua kitabu vizuri.

Kazi ikirudi na maksi ndogo, usiende ofisini kuuliza kwa nini umenyimwa. Chagua aya moja iliyoandikwa maneno mekundu, iandike upya, nenda nayo. Mhadhiri atakupa dakika kumi kwa aya iliyoandikwa upya ambazo hatakupa kwa malalamiko. Weka pia ukurasa mmoja mwishoni mwa daftari uorodheshe makosa yako yanayojirudia. Kwa watu wengi wa huku kwetu r na l zinachanganyikana kwenye matamshi na baadaye kwenye maandishi. Andika maneno yako ishirini yanayokuponyoka na uyapitie kabla ya kukusanya kazi. Angalia na "ambaye". "Mtu ambaye alikuja" ni sahihi, lakini "mtu aliyekuja" ni fupi na inapumua. Ukikuta "ambaye" nne kwenye aya moja, badilisha tatu. "Suala zima la elimu" ni elimu tu.

Sasa hadithi yako. Usione aibu, anayetaka kuandika yuko mahali sahihi akiwa darasa la fasihi, kwa sababu kila unachokigundua kwenye ukurasa wa mtu mwingine ni chombo unachoweza kukitumia kesho. Aliposema ni "insha nzuri" nadhani najua alichokiona, ingawa hadithi yenyewe sijaisoma. Insha ya shule inaeleza, tena inafunga na "hivyo basi vijana tunapaswa". Angalia mwisho wako. Kama kuna sentensi inayomwambia msomaji ajifunze nini, ifute, halafu angalia kama hadithi imesimama bila hiyo. Ikianguka, tatizo liko katikati na mwisho ulikuwa gongo la kuiegemeza.

Kisha tazama mwanzo. Hadithi nyingi za wanaoanza zina nusu ukurasa wa salamu: hujambo, sijambo, habari za nyumbani, nzuri. Salamu zibaki tu pale zinapofanya kazi, kwa mfano mtoto anapomnyima mkubwa shikamoo. Tafuta sentensi ambapo kitu cha kwanza kinabadilika, na jaribu kuanzia hapo. Mara nyingi iko ukurasa wa pili.

Halafu pita na penseli ukizungushia kila "sana", "kwa kweli", na kila jina la hisia: huzuni, furaha, hasira, upendo. Kwa kila hisia jiulize mikono ya mtu huyo ilikuwa inafanya nini. Umeshaona shuka linavyofanya kazi. Wewe unatoka Makete, una vitu ambavyo mwandishi wa Dar es Salaam hana: ukungu unaokaa hadi saa nne asubuhi, sweta ya shule iliyolowa ikikaushwa juu ya moto, ulanzi unaogemwa kwenye mwanzi mchanga asubuhi na jioni. Usivieleze kama unamwandikia mtalii. Andika "alirudi kugema jioni, kisu kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa", na umwachie msomaji wa pwani akitambue mwenyewe. Neno la Kikinga ukilihitaji litumie, na sentensi inayolizunguka ifanye maana yake ionekane.

Kuna zoezi moja linalofundisha kuliko ushauri wote huu. Chukua aya moja unayoipenda kutoka kitabu chochote. Hesabu sentensi zake, andika urefu wa kila moja kwa idadi ya maneno, weka alama panapokuja tendo, panapokuja usemi, panapokuja kimya. Kisha andika aya yako yenye mifupa hiyohiyo lakini juu ya jambo lako, kwa maneno yako. Dakika 20 kwa siku, mara nne kwa wiki. Aya hizo ni mazoezi, zibaki daftarini, usizikusanye wala kuzituma popote kama kazi yako. Baada ya mwezi utaanza kusikia urefu wa sentensi zako mwenyewe.

Ukimaliza rasimu ya hadithi, iweke siku saba bila kuigusa. Kisha mpe mwenzako aisome kwa sauti huku wewe unafuata kwenye nakala yako. Usimsahihishe. Kila anapojikwaa, weka nukta. Anapojikwaa mara nyingi si kosa lake, ni sentensi yako iliyojifunga. Juni na Julai msikae nje kwa zoezi hili, baridi ya Iringa itawafanya mharakishe.

Nimalizie na mstari wako wa shairi, ambao naupenda. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili). Hesabu kwa vidole: Ba-ri-di-ya-Ma-ka-mba-ko, nane, safi kabisa. Utao: i-na-ni-ku-mbu-sha-kwe-tu-nyu-mba-ni, kumi na moja. Umezidisha tatu. "Kwetu nyumbani" ni jambo moja mara mbili, toa "kwetu", zimeondoka mbili. Imebaki moja. Badilisha "ina-" iwe "hu-": hu-ni-ku-mbu-sha-nyu-mba-ni. Nane.

Baridi ya Makambako, hunikumbusha nyumbani.

Lakini usipite hapo haraka. "Inanikumbusha" ni sasa hivi, uko ndani ya basi, dirisha halifungi. "Hunikumbusha" ni kila safari, kila likizo, miaka yote. Mizani imekulazimisha uamue ulimaanisha lipi. Kama ulimaanisha safari moja ile, basi usiikubali hu- kwa ajili ya hesabu tu; vunja mstari uupange upya. Angalia pia hesabu za maneno kama "mtoto", ambalo ni mizani tatu kwa sababu m inasimama peke yake, na "nchi", ambalo ni mbili, wakati "mwanzi" ni mbili tu kwa sababu mw- hutamkwa pamoja na irabu inayofuata. Hapo ndipo wengi hukosea bila kujua. Vina vyako sasa ni -ko na -ni, kwa hiyo andika pembeni maneno kumi ya kila kimoja kabla ya kugusa mshororo wa pili, la sivyo utajikuta unaandika unachopata badala ya unachotaka.

Ukiona mizani inakubana mno, ushairi huru upo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 alikuwa kwenye kiini cha ubishi mkali juu ya kama shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi. Mimi nakushauri ujue kuhesabu kwanza. Shairi huru si aya ya nathari iliyokatwa vipande; kila unapokata mstari lazima uwe na sababu ya kukata hapo, na sikio la kujua hilo hupatikana kwa haraka zaidi kwa yule aliyekwisha kugombana na mizani nane.

Wiki hii fanya mawili tu. Andika upya uchambuzi wako wa kile kipande cha shuka kwa nusu ukurasa, kila sentensi yako iwe na walau neno moja la kipande ndani ya alama za kunukuu, na unieleze yule mbwa anafanya nini pale, kwa sababu nimemtaja nikampita na bado ana kazi yake. Halafu mpelekee mhadhiri wako. Mshororo wa pili wa Makambako unaweza kusubiri hadi Jumamosi.